Kupiga kambi kando ya mto Kagera, jirani na machimbo ya bati ya Kyerwa

Ukishuka Omurushaka, tulia kwanza. Hapa ndipo njia ya Kyerwa inapoachana na ile ya kurudi Kayanga, Kyaka na Bukoba, na kila kizito utakachohitaji mtoni ni afadhali ukinunue hapa. Nkwenda na Kaisho kuna maduka, Murongo pia, ila ukikosa kitu mbele utapoteza nusu siku kukitafuta. Jaza tangi la gari, toa pesa taslimu ukiwa bado Kayanga, na utafute noti ndogondogo za kutosha, maana huko mbele mwenye chenji ya elfu kumi hapatikani kirahisi.

Orodha yangu ni fupi. Jiko la gesi lenye mtungi mdogo, kwa sababu kuni za kando ya mto si zako na ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuzigusa. Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Kamba ya manila ya mita kumi au zaidi. Nitaeleza kazi yake. Shabu ya kutulizia tope la maji, na vidonge vya kutibu maji kutoka duka la dawa. Chandarua hata kama hema lako lina wavu wake. Tochi mbili, moja ya kufunga kichwani. Turubai la kufunika hema. Chakula chukua cha wenyeji: ndizi za kupika, maharage, karanga, vitunguu, na kahawa ya hapahapa, kwa kuwa Karagwe ni nchi ya kahawa na ungefanya makosa kubeba ya kopo kutoka Dar es Salaam. Ukija Novemba utakuta senene waliokaangwa wakiuzwa; wanakaa siku kadhaa bila kuharibika na wanashibisha.

Hata hivyo Novemba si mwezi wa kulala kando ya mto. Mkoa wa Kagera una misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli inayoanza Septemba au Oktoba hadi Desemba. Njoo kati ya Juni na Agosti, au ikibidi Januari na Februari. Julai usiku huwa baridi kweli juu ya milima ya Karagwe, kwenye mwinuko unaopita mita 1,500. Bondeni panakuwa na joto kidogo zaidi, lakini sweta lazima.

Sasa niseme kwa nini uende huko, maana safari ya kambi isiyo na sababu humchosha mtu siku ya pili. Watu wakisikia machimbo ya zamani Kanda ya Ziwa hufikiria dhahabu ya Geita. Kyerwa na Murongo ni nchi ya bati. Wachimbaji wa Kizungu walianza kulichimba miaka ya 1920, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na kampuni iliyoacha jina kubwa zaidi ni Kyerwa Syndicate. Ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, palikuwa na machimbo ndugu ya Kikagati na Mwirasandu. Mto ulikuwa mpaka wa serikali, lakini miamba haikujua mpaka: wanajiolojia waliuita mfumo wake wote Karagwe-Ankole, jina la falme mbili zilizokuwa jirani. Miaka ipatayo bilioni moja iliyopita itale iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini ya ardhi, na kwenye nyufa za miamba iliyokuwa juu yake ikaacha mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi, yenye ulanga unaometameta na punje nyeusi za bati.

Na ufundi wa chuma huku ulikuwepo kabla ya mzungu yeyote. Novemba 1861 wapelelezi wa Kizungu John Hanning Speke na James Grant walipofika Bweranyange, mji mkuu wa Karagwe, walimkuta Mfalme Rumanyika akiwa na hazina ya vitu vya chuma vya kifalme, wakiwemo ng'ombe waliofuliwa kwa ustadi mkubwa. Ndiyo maana napendekeza upitie Bweranyange kabla ya kwenda mtoni, kisha, ukiwa na siku ya ziada, uende chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo mpelelezi mwingine, Henry Stanley, alizitembelea mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Rumanyika huyohuyo. Mtu aliyepita huko huyaona machimbo ya bati kwa jicho jingine: anajua kwamba nchi hii ilifua chuma, ikafanya biashara na kupokea wageni kabla Kyerwa Syndicate haijafikiriwa.

Baada ya hapo, vibali. Kuna njia mbili za kulala karibu na Kagera kihalali, na kila moja ina mlango wake. Ya kwanza ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka pori la akiba, mwaka uleule wa Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Ibanda-Kyerwa imekaa kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya nchi, mto ukiizunguka: magharibi Rwanda, kaskazini Uganda. Huko unalala pale watu wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wanapokuonyesha, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali badala ya fedha mkononi, na unaomba askari wa hifadhi alale jirani nawe. Wasiliana na ofisi yao mapema ukiwa bado mjini, kwa kuwa hifadhi ni changa na miundombinu ya wageni ingali inajengwa. Ukiniuliza, hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu anayekuja mara ya kwanza. Gharama yake inarudi kwenye usalama.

Njia ya pili ni kwenye ardhi ya kijiji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji kabla hujashusha hata kigingi kimoja. Fika mchana, keti, salimia wazee, sema umetoka wapi na utakaa siku ngapi. Usianze na habari ya pesa. Itakuja yenyewe, na ikija uliza risiti. Beba kitambulisho cha Taifa, na kama wewe si Mtanzania, pasipoti yenye viza au kibali chako. Hapa ni mpakani, maofisa wa Uhamiaji na wanamgambo wanapita, na mgeni aliyelala kichakani bila taarifa ni haki atiliwe shaka. Ukiwa umejulikana kijijini, mgambo huyohuyo atakuja asubuhi kukuuliza umeamkaje.

Kuchagua mahali pa hema ndiyo kazi yenye uzito kuliko zote, na usiifanye jua likizama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hema si nyumba, lakini chukua hizo mita 60 kama kiasi cha chini kabisa, kisha panda juu zaidi. Kagera hukusanya maji yake mbali: Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ndipo mto uelekee kaskazini kupita kwenye mabwawa na mafunjo mengi. Mvua inayonyesha Kigali unaweza kuiona Kyerwa siku kadhaa baadaye, anga la kwako likiwa jeupe kabisa. Kwa hiyo usipime mto kwa mawingu yaliyo juu yako. Tazama ukingo: nyasi zilizolala upande mmoja, takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye vigogo. Hapo ndipo maji yalipofika, na yanaweza kufika tena.

Halafu tafuta njia za viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kulisha, hata kilometa kadhaa, na kurudi kabla hakujapambazuka akipita njia ileile kila siku. Njia yake haifanani na ya ng'ombe. Kwa kuwa miguu yake imeachana na tumbo liko chini, anaacha mikondo miwili sambamba na tuta la nyasi katikati, na pale anapopanda kutoka mtoni ukingo unakuwa umechimbika kama mfereji laini. Kando ya njia utaona vichaka vimerushiwa samadi, kwa sababu dume huisambaza kwa mkia kuweka alama. Ukiona hivyo, hama. Dume aliyekomaa anapita tani moja na nusu, na akikuta hema limesimama kati yake na maji hatalizunguka. Weka kambi yako mbali na njia hizo, kwenye mgongo wa ardhi au penye mawe, na usiwe kamwe katikati ya kiboko na mto alfajiri au magharibi.

Mamba huhitaji kumwona ndipo uamini yupo. Hapa ndipo kamba ya manila inapofanya kazi. Usiiname ukingoni kuchota. Simama juu pale ukingo ulipo mrefu, tupa ndoo ukiwa umeishika kwa kamba, ivute ijae, ondoka. Kesho chota mahali pengine, maana mamba hujifunza ratiba za watu. Maji yenyewe ni ya rangi ya udongo na mara nyingi yamebeba magugu maji. Yazungushie shabu, yaache yatulie saa kadhaa kwenye ndoo ya kwanza, mimina yaliyo juu kwenye ndoo ya pili, kisha yachemshe. Kuoga fanyia kwenye beseni, juu kambini. Kuogelea usahau: ukiacha mamba na kiboko, kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia, na mkondo wenyewe una nguvu usiyoijua.

Choo chimba mbali na mto kuliko hema lenyewe. Usiku usitoke, kaa na kopo ndani. Ukilazimika kutoka, mulika kwanza pande zote ukiwa mlangoni, usikilize, ndipo utoke.

Mchana kuna ndorobo. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego ya vitambaa inayotundikwa porini kuwanasa hutengenezwa kwa rangi hizo. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na funga vioo vya gari unapopita vichakani. Wanaweza kubeba malale, ugonjwa ambao watu wa bonde hili waliujua vizuri vizazi vilivyopita. Usiku kazi inabaki kwa mbu na chandarua chako.

Machimbo yaendee asubuhi ya siku ya pili, ukiwa na mwenyeji. Ukitegemea kuona makumbusho yenye bango na kiingilio, hayapo. Utaona vilima vilivyokwanguliwa ubavu, mifereji ya zamani iliyojaa nyasi, kifusi cheupe cha kwatzi, na katikati ya hayo watu wanaofanya kazi leo. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake na bei ya bati duniani ikaporomoka. Migodi mingi katika nchi nyingi ilifungwa. Wachimbaji wadogo wa Kyerwa wameendelea, kwa sululu, beleshi na karai. Bati lao leo liko ndani ya solda inayoshika vipande vya simu uliyobeba mfukoni.

Omba uonyeshwe jinsi ya kuosha. Mchanga unawekwa kwenye karai, unatiwa maji, unazungushwa huku ukingo mmoja umeinamishwa kidogo. Kwanza tope linaondoka na kuyachafua maji. Halafu ulanga unaelea na kutoka, ukimeta juani. Kisha kwatzi, punje kwa punje, kila mzunguko ukivuka ukingo. Mwishoni inabaki tabaka nyembamba nyeusi chini ya karai, haitaki kusogea. Bati ghafi lina uzito wa karibu mara saba ya maji ya ujazo uleule, wakati kwatzi haifiki mara tatu, na tofauti hiyo ndiyo mchimbaji anaifanyia kazi kwa kifundo cha mkono. Akitaka kuhakikisha, anapitisha sumaku: chuma cheusi kinaruka na kunasa, bati linabaki. Mbinu ya karai ni ileile ya dhahabu, tofauti ni kwamba dhahabu ni nzito zaidi tena.

Ukishaona, rudisha kila punje. Usiweke hata jiwe moja mfukoni kwa kumbukumbu, na usinunue anachokunong'oneza mtu njiani. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kuwa na madini au kuyasafirisha bila leseni ni kosa, na bati ni moja ya madini ambayo nchi za Maziwa Makuu zimekubaliana yasafirishwe kwa cheti kinachoonyesha yalikotoka, kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Gramu mia kwenye begi lako zinaweza kukuweka kituoni, na zinaweza kumharibia jina mchimbaji aliyekukaribisha. Picha usipige kabla ya kuomba, na mtoto usimpige picha kabisa. Ukitaka kushukuru, nunua sabuni, sukari au majani ya chai dukani kwao uwape mbele ya wote.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kuliko yote: usiingie kwenye shimo, iwe la zamani au jipya, hata hatua tatu, hata kama kijana wa hapo anakuambia ni salama. Sababu ya kwanza unaijua. Mashimo ya zamani hayana nguzo, mvua imekula kingo zake, na mengine yamefunikwa na majani juu, ndiyo maana unatembea nyuma ya mwenyeji na kukanyaga anapokanyaga yeye. Sababu ya pili ni popo. Popo wala matunda wanaolala kwa maelfu kwenye mapango na mashimo ya migodi wanabeba kirusi cha Marburg. Kati ya 1998 na 2000, kwenye machimbo ya dhahabu ya Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, watu 154 waliugua na 128 wakafa. Wengi wa walioanza kuugua walikuwa wachimbaji. Mwaka 2007 ugonjwa huohuo ulitokea kwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Kisha ukaja mkoani kwetu: Machi 2023 Bukoba Vijijini, watu 9 wakiugua na 6 kufa, na Januari 2025 Biharamulo, ambako wote 10 waliohesabiwa walipoteza maisha. Sisemi kwamba milipuko hiyo ya Kagera ilitoka kwenye mashimo ya bati. Nasema shimo lenye giza, harufu kali na kinyesi cha popo mlangoni ni mahali ambapo mgeni hana kazi. Historia ya mgodi inasomeka nje, kwenye mifereji na vifusi, na mzee aliyefanya kazi humo atakusimulia vizuri zaidi akiwa amekaa chini ya mti.

Alasiri hiyo shuka Murongo ukatazame mto mahali unapobanwa na mawe. Wakati wa ukoloni palikuwa na kituo kidogo cha umeme upande wa Kikagati kilichohudumia machimbo ya bati. Sasa kuna cha megawati 14, kilichoanza kuzalisha mwaka 2022, na umeme wake unagawanywa nusu kwa nusu kati ya Uganda na Tanzania. Kitazame kwa mbali. Usirushe droni, usipige picha za mitambo wala za kituo cha mpaka, na usipange kambi chini ya bwawa, kwa kuwa maji yanaweza kupanda bila mvua. Ukipewa ofa ya kuvushwa kwa mtumbwi ukale chakula cha mchana Uganda, kataa. Daraja lipo, ofisi ya Uhamiaji ipo, na mhuri hauchukui muda mrefu.

Siku ya kuondoka amka mapema lakini usishuke mtoni kabla jua halijapanda. Kama kijijini uliwasha moto wa kuni, uzime kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi, fukia choo, beba plastiki zote hadi Omurushaka. Pita kwa mwenyekiti uage. Asipoambiwa kwamba umeondoka salama atalazimika kutuma watu kukutafuta. Ukiugua ukiwa bado huko, hospitali zilizo karibu ni Isingiro upande wa Kyerwa na Nyakahanga upande wa Karagwe. Ukishafika nyumbani, hesabu wiki tatu. Homa yoyote ndani ya muda huo usiinywee dawa ya malaria kwa kubahatisha: nenda upimwe, na umwambie daktari bila kuficha kwamba ulilala kando ya Kagera, uliumwa na ndorobo au la, na ulikaribia mashimo ya popo au la.